UZI: Ile nafuu ya dola 7,500 kwa magari ya umeme Marekani ilibaki kwa nani hasa?

Mkokotoo

Wakuu, tangu nafuu ya kodi ya magari ya umeme ikome Marekani tarehe 30 Septemba 2025, swali linalorudi humu ni moja: gari sasa limepanda dola 7,500? Kwa magari mengi halijapanda kiasi hicho, na mengine yameshuka. Ili kuelewa kwa nini, acha kwanza kuiona ile hela kama zawadi ya serikali kwa mnunuzi. Sheria iliandika jina la mnunuzi, lakini hela ilibaki kwa yule ambaye mwenzake alimhitaji zaidi. Gari likiwa adimu na foleni ni ndefu, kiwanda kinapandisha bei na kuimeza. Magari yakijaa yadi na washindani wakiwa jirani, inamfikia mnunuzi yote, pengine na nyongeza.

Tuanze na sheria ya zamani. Kila mtengenezaji alipewa magari 200,000, akishayauza nafuu inapungua kwa hatua. Tesla ilifika hapo Julai 2018. Nafuu ikashuka kuwa $3,750 tarehe 1 Januari 2019, ikawa $1,875 Julai, mwanzoni mwa 2020 ikaisha. Ilipokatwa nusu, Tesla ilishusha bei kwa $2,000 mara moja. Piga hesabu: pengo ni $3,750, kiwanda kikabeba 2,000, mnunuzi 1,750. Maana yake kabla ya hapo sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa imekaa ndani ya bei.

Linganisha na Bolt ya GM. Nayo iliishiwa na nafuu yake Aprili 2020. Bolt ya modeli ya 2023 ikatangazwa kwa $26,595 pamoja na usafirishaji, ikiwa imeshushwa kwa maelfu ya dola. Sheria mpya ya Agosti 2022 ikaondoa kile kikomo cha magari 200,000, na Januari 2023 Bolt ikarudishiwa $7,500. GM ikapandisha bei hadi $27,495. Yaani kiwanda kilichukua 900, mnunuzi akabaki na 6,600. Nafuu ni ya aina moja na ile ya Tesla, lakini Bolt haikuwa gari la kupigania foleni.

Halafu kuna pikapu ya Ford, F-150 Lightning Pro. Ilitangazwa kwa $39,974. Kufikia Machi 2023 ilikuwa $59,974. Julai 2023 ikarudi $49,995. Tazama huo mpando wa dola 20,000 na mshuko wa 10,000, wakati nafuu ya kodi ilikuwa ileile 7,500 muda wote. Ndiyo maana nasema ukitaka kujua bei inakokwenda, tazama foleni na yadi kwanza, sheria baadaye.

KijanaWaOhio

Shukrani Mkuu. Mimi nakumbuka kulikuwa na kikomo cha bei pia, gari likizidi hapo hupati hata senti. Hicho nacho kilisogeza bei au kilikuwa cha kwenye karatasi tu?

StikaYaDirishani

Kilisogeza sana, ndugu. Kuanzia 1 Januari 2023 bei ya stika (ile ya kiwanda inayobandikwa dirishani) ilitakiwa isizidi $55,000 kwa gari dogo, na $80,000 kwa gari la juu (SUV), van na pikapu. Ukipita hata kwa dola moja, ulipoteza zote 7,500. Sasa Model Y Long Range ya viti vitano ilikuwa inauzwa $65,990, na wizara ya fedha ilikuwa imeiweka kwenye kundi la magari madogo. Katikati ya Januari 2023 Tesla ikaishusha hadi $52,990, kwa mara moja. Dola 13,000. Ukichanganya na nafuu, mnunuzi mwenye sifa alikuwa anaikuta kwa hesabu ya $45,490.

Wengi humu wataisema kama ukarimu, lakini ukitazama namba, kikomo cha 55,000 ndicho kilichochora mstari na Tesla ikaingia chini yake kwa nafasi ya kupumua. Tarehe 3 Februari wizara ikabadilisha namna ya kugawa makundi, Model Y na Mach-E ya Ford zikahamia kwenye kikomo cha 80,000. Haukupita muda Tesla ikapandisha tena bei ya Model Y. Gari halikubadilishwa hata nati moja, kilichobadilika ni mstari.

Na moto wa Tesla ulisambaa. Mwisho wa Januari hiyohiyo ya 2023 Ford ilipunguza bei ya Mach-E kwa kati ya $600 na $5,900 kulingana na toleo. Hapo ndipo msemo wa vita vya panzi unapofaa, maana kunguru alikuwa mnunuzi. Kwa upande wa kiwanda maumivu yalionekana kwenye vitabu: faida ya uendeshaji ya Tesla ilishuka kutoka asilimia 16.8 ya mapato mwaka 2022 hadi 9.2 mwaka 2023, na kitengo cha umeme cha Ford kilipata hasara ya dola bilioni 4.7 mwaka huo wa 2023.

FundiBetri

Naomba nipinge kidogo. Mnazungumza kana kwamba bei zilishuka kwa ushindani peke yake. Bila betri kushuka, hakuna ambaye angeweza kupigana. Betri ndiyo kipande ghali kuliko vyote. Wastani wa dunia kwa BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, ulikuwa $151 kwa kila kilowati-saa mwaka 2022, $139 mwaka 2023, $115 mwaka 2024. Chukua betri ya kWh 75: 2022 ni $11,325, 2024 ni $8,625. Tofauti ni $2,700 kwa gari moja, bila siasa yoyote. Chini yake kuna lithiamu: China mwishoni mwa 2022 tani moja ya kaboneti ya lithiamu ilikaribia yuani 600,000, mwaka mmoja baadaye ilikuwa karibu na yuani 100,000.

Mkokotoo

FundiBetri, hapo tuko pamoja zaidi ya unavyodhani. Gharama inampa mtengenezaji nafasi ya kushusha. Haimlazimishi. Anayemlazimisha ni jirani yake. Betri ilipungua $2,700 kwa hesabu yako, lakini Model Y ilishuka 13,000 kwa siku moja, tena Januari 2023 wakati lithiamu bado iko juu. Hiyo tofauti ilitoka kwenye faida.

Mfano ulio safi zaidi ni mwanzo wa 2024. Masharti ya betri yalikaza, magari kadhaa yakakosa nafuu usiku wa kuamkia mwaka mpya: Model 3 ya bei ya chini yenye betri ya LFP (ya lithiamu, chuma na fosfeti) kutoka China, Mach-E, na Cadillac Lyriq na Blazer EV za GM. GM wakasema hadharani watatoa $7,500 za kwao kwa magari yaliyoathirika. Februari Ford ikapunguza bei ya Mach-E za modeli ya 2023 kwa kiasi kinachofika $8,100. Serikali iliondoa mkono, viwanda vikaingiza wa kwao, kwa sababu yadi zilikuwa zimejaa.

Mwana_Lualaba

Bakubwa, naomba tuguse hayo masharti ya betri, maana yanatuhusu sisi wa huku Kongo. Kobalti ya Kolwezi ni sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia, lakini nyingi inasafishwa China. Je, betri yenye kobalti yetu ilipata nafuu au haikupata?

FundiBetri

Swali zuri, ndugu yangu. Kuanzia 18 Aprili 2023 nafuu iligawanywa vipande viwili vya $3,750. Kimoja ni cha vipande vya betri: asilimia 50 ya thamani vitengenezwe Amerika ya Kaskazini, ikapanda kuwa 60 mwaka 2024. Cha pili ni cha madini: asilimia 40 ya thamani yachimbwe au yasafishwe Marekani au kwenye nchi yenye mkataba wa biashara huria na Marekani. Ikawa 50 mwaka 2024, na 60 mwaka 2025. Kongo haina mkataba huo.

Lakini soma lile neno "au". Madini ya Kolwezi yakisafishwa kwenye nchi yenye mkataba yangeweza kuhesabika. Yakisafishwa China hayahesabiki, na kuanzia 2025 madini yaliyopitia mikononi mwa kampuni zilizo chini ya China yaliliondoa gari kabisa kwenye orodha. Kwa hiyo lililowekwa pembeni si shimo la Lualaba, ni kiwanda cha kusafishia.

Matokeo yake kwa bei: betri ya LFP haina kobalti wala nikeli, ni ya bei nafuu, lakini teknolojia yake iko China. Gari lililotumia betri ya bei rahisi zaidi ndilo lililokosa nafuu. Sheria ilikuwa inalipia anwani ya betri, na kiwanda kilikuwa na hesabu mbili mezani: betri ghali yenye 7,500, au betri rahisi isiyo na kitu. Kinshasa nayo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje Februari 2025, na Oktoba 2025 ikaweka mgao wa tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Kila kobalti inapopanda, LFP inazidi kuvutia.

RitaniNaRisiti

Mmesahau mlango ulioipitisha hela nyingi: kukodi kwa mkataba. Gari la kukodi lilihesabiwa kama gari la biashara, nafuu ikienda kwa kampuni ya fedha inayolimiliki. Hakukuwa na sharti la kuunganishwa Amerika, wala kikomo cha bei, wala kipato cha mteja. Ndiyo maana Hyundai Ioniq 5 ilipokuwa inatoka Korea ilikodishwa kwa wingi, kabla kiwanda cha Georgia hakijaanza kuitengeneza Oktoba 2024.

Hapa ndipo hela ilipoweza kupotea bila mteja kuona. Nawaonyesha kwa mfano wa kubuni, namba zake za kawaida. Bei ya stika $45,000, miezi 36, thamani ya mwisho wa mkataba asilimia 55, yaani $24,750, kizidishi cha riba 0.00200 (kizidishe kwa 2,400 upate riba ya mwaka, hapa 4.8).

Bila nafuu: (45,000 − 24,750) ÷ 36 = $562.50. Riba: (45,000 + 24,750) × 0.002 = $139.50. Jumla $702 kwa mwezi.

Nafuu ikiingia yote kwenye bei ya kuanzia: (37,500 − 24,750) ÷ 36 = $354.17. Riba: 62,250 × 0.002 = $124.50. Jumla $478.67.

Sasa tazama ujanja. Kampuni inakuandikia nafuu yote 7,500 kwenye mkataba, unaiona kwa macho yako, lakini thamani ya mwisho imeshushwa kutoka asilimia 55 hadi 48, yaani $21,600. Hesabu: (37,500 − 21,600) ÷ 36 = $441.67, riba $118.20, jumla $559.87. Kila mwezi umelipa $81.20 zaidi, miezi 36 ni $2,923. Nafuu ipo kwenye karatasi, na zaidi ya theluthi yake imerudi kwa kampuni. Wakati mwingine thamani inashushwa kwa haki kabisa, maana magari yaliyotumika yalikuwa yanaporomoka. Kwa hiyo usiulize tu "nafuu iko wapi", uliza namba tatu: bei ya kuanzia, thamani ya mwisho, kizidishi. Yadi ikikataa kutaja hata moja, ondoka.

KijanaWaOhio

Na magari yaliyotumika? Yale ya nafuu ya 4,000.

RitaniNaRisiti

Ilikuwa asilimia 30 ya bei, isizidi $4,000, gari lisizidi $25,000, linunuliwe yadi. Kile kikomo kilifanya kazi kama sumaku. Gari ambalo lingeuzwa 26,500 lilikuwa na sababu ya kushuka hadi 24,900, na ambalo lingeuzwa 23,000 halikuwa na haraka ya kushuka, kwa sababu mnunuzi analeta 4,000 zake.

Waliolia ni wa kosa hili: bei $24,800, yadi inaongeza ada yake ya makaratasi $499. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilihesabu ada za yadi zisizolazimishwa na sheria kama sehemu ya bei. Inakuwa $25,299. Nafuu yote imekwenda. Kodi ya mauzo na ada za usajili hazikuhesabiwa, ada ya yadi ilihesabiwa.

Kwa aliyesaini mkataba wa lazima na kulipa chochote kabla ya kuisha 30 Septemba 2025 na gari likaja baadaye: bado una haki. Unahitaji ripoti ya mauzo ambayo yadi inapaswa kuiingiza kwenye mfumo wa IRS ndani ya siku tatu tangu uchukue gari, na wewe unajaza fomu 8936 kwenye ritani ya mwaka uliolichukua gari. Bila ripoti ile kuwa kwenye mfumo, fomu yako inakataliwa. Na kama ulikatiwa nafuu palepale yadi halafu kipato chako kikazidi kikomo miaka yote miwili, wa ununuzi na uliotangulia, unairudisha kwenye ritani.

StikaYaDirishani

Turudi kwenye swali la mwanzo, baada ya Septemba 2025 ilikuwaje. Robo ile ya mwisho wa nafuu watu walikimbilia yadi, mauzo yakaweka rekodi. Na watu wakikimbia, punguzo la kiwanda linaweza kukauka. 

Tarehe 1 Oktoba Hyundai ikatangaza kupunguza bei ya Ioniq 5 ya 2026 kwa kiasi kinachofika $9,800 kwa matoleo fulani, bei ya kuanzia ikawa $35,000, na ikatoa $7,500 taslimu kwa zile za 2025 zilizobaki. Tarehe 7 Oktoba Tesla ikaleta Model Y Standard kwa $39,990 na Model 3 Standard kwa $36,990. Lakini soma kilichoondolewa. Model Y Standard ilikuwa $5,000 chini ya toleo lililokuwa la chini kabla yake, ambalo kwa nafuu lilikuwa linatoka $37,490. Kwa hiyo ulikuwa unalipa $2,500 zaidi na kupata gari pungufu. Hyundai ilishusha bei ya gari lilelile, Tesla ilishusha gari. Msilinganishe stika peke yake.

GM na Ford walikuwa na mpango wa kampuni zao za fedha kulipia amana magari yaliyokuwa yadi kabla ya saa ya mwisho ili nafuu iendelee kupita kwenye kukodi. Wote wawili wakauacha Oktoba.

Jambo moja dogo ambalo halisemwi: bei iliyoshushwa ni bora kuliko nafuu ya kiasi hichohicho. Majimbo mengi yalitoza kodi ya mauzo kwenye bei kamili kabla ya nafuu. Kwa jimbo la asilimia 7, dola 7,500 zilizoshushwa kwenye bei zinakuokolea $525 nyingine.

Mwana_Lualaba

Na Wachina je? Tunaona bei za BYD tunashangaa.

Mkokotoo

Mei 2025 BYD ilishusha modeli 22, Seagull ikafika yuani 55,800, chini ya dola 8,000. China ilikuwa imeshaacha ruzuku yake ya kitaifa ya ununuzi mwisho wa 2022, na bei ziliendelea kuanguka. Kilichobaki ni viwanda vingi vyenye uwezo kuliko wateja. Marekani tangu 27 Septemba 2024 inatoza ushuru wa asilimia 100 kwa gari la umeme kutoka China, kwa hiyo mshindani huyo hayupo mlangoni. Kwa maoni yangu ushuru huo umemgharimu mnunuzi wa Marekani kuliko kukoma kwa nafuu, maana nafuu ilikuwa na kikomo chake cha dola 7,500, ushindani hauna kikomo.

KijanaWaOhio

Sawa. Mtu yuko yadi leo, anaambiwa achague: riba sifuri miezi 60, au punguzo la pesa taslimu. Achague lipi?

RitaniNaRisiti

Usijibu kwa hisia. Tuseme unakopa $40,000 na benki yako ingekupa asilimia 6.5. Kwa miezi 60 malipo ni $782.64. Kwa riba sifuri ni $666.67. Gawanya 666.67 kwa 782.64, zidisha kwa 40,000, unapata kama $34,073. Kwa hiyo riba sifuri ina thamani ya punguzo la $5,927 leo. Wakikupa $5,000 taslimu, chukua riba sifuri. Wakikupa $7,500, chukua pesa: utakopa 32,500 na kulipa $635.90, chini ya 666.67. Fanya hesabu hiyo kwa riba yako mwenyewe, maana mwenye 4 na mwenye 9 hawapati jibu moja.

Kuna pia punguzo jipya la riba ya mkopo wa gari, 2025 hadi 2028, mpaka $10,000 kwa mwaka, linaanza kupungua kipato kikizidi $100,000 kwa asiye na ndoa na $200,000 kwa wanaojaza pamoja. Hili linapunguza kipato kinachotozwa, halikati kodi yenyewe. Kwenye mkopo ule wa 6.5, riba ya mwaka wa kwanza ni kama $2,390, na kwa mtu wa ngazi ya asilimia 22 anaokoa kama $525. Usilipe zaidi kwa ajili yake. Lazima gari liwe jipya, si la kukodi, na liwe limeunganishwa Marekani yenyewe, si Mexico wala Kanada. Tazama herufi ya kwanza ya namba ya chasisi: 1, 4, 5 au 7 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Mexico, K Korea. Mach-E na Equinox EV zinaanza na 3. Na hiyo namba ya chasisi utaiandika kwenye ritani, kwa hiyo ipige picha kabla hujasaini.